Kuku wa Faini na Kisiki cha Mninga

Ukasha Mshamu alikuwa amegombana na kila mtu kijijini isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyestahili ugomvi wote.

Aligombana na mwenye mashine ya kusaga kwa sababu unga ulitoka wa moto. Aligombana na muadhini kwa sababu ya spika. Aligombana na mbuzi. Mkewe Hajira aligombezwa chumvi ikizidi, akagombezwa chumvi ikipungua, na siku chumvi ikikaa sawa aligombezwa kwa kukaa kimya. Wenye mashamba walimvumilia kwa sababu hapakuwa na dereva wa trekta kama yeye kutoka Kibiti mjini hadi Ruaruke. Angeweza kulima katikati ya mikorosho miwili iliyobanana asichubue gamba. Lakini hata wao, wakimwonyesha mipaka ya shamba, walionyesha kwa kidole wakiwa mbali.

Mtu ambaye hakuwahi kukunjiwa uso na Ukasha ni Badru, mtoto wa shangazi yake, na huyo Badru ndiye aliyemkatia mninga wake akauuza.

Hili lina sababu yake. Kwao, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani tangu wakiwa tumboni. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako. Siku ya msiba wa baba yako anaweza kuingia kaburini akajilaza, akakataa kutoka mpaka apewe chochote, na wewe mfiwa kazi yako ni kucheka huku machozi yanakutoka. Ukinuna umevunja utani, na aliyevunja utani hulipa kuku. Kuku mwenyewe si kitu. Aibu ndiyo ndefu, maana mtu akishalipa kuku wa faini hutajwa kwa kuku huyo mpaka wajukuu zake waoe. Mimi nasema wazi: utani ni jambo zuri, umewapatanisha watu wengi huku kwetu, ila umewaficha na wezi wawili watatu.

Mninga huo aliuacha baba yake. Mzee Mshamu alihama Salale, huko Delta kwenye mikoko, baada ya kuchoka kulima mpunga ukaliwa na nguruwe na maji ya chumvi. Akaja kufyeka pori huku juu, karibu na Kibiti. Miti mingine yote aliiangusha. Ule mmoja aliuzunguka kwa jembe akamwambia mwanawe, "Usiuguse mpaka ujenge nyumba yako. Milango yako imo humu." Baba akafa. Ukasha akaoa, akafyatua matofali, akachoma, akaezeka. Ikabaki milango tu. Ndipo ikaja habari kutoka Salale kwamba mama yake, ambaye hakukubali kuhama kwao, yu taabani. Akaenda. Alimuuguza masika yote, akamzika, akasubiri arobaini.

Siku aliyorudi, kutoka barabarani aliona mahali pa mti pana mbingu tupu.

Badru alikuwa amekaa na wanaume wenzake penye benchi la kahawa. Alimwona binamu yake amesimama na mfuko begani, akamwahi. "Pole na msiba, mwana wa mjomba. Mti wako nao umesafiri. Umekwenda Dar es Salaam kutembea, umesema usisubiriwe kwa chakula."

Wanaume wakacheka. Kisha wote wakamtazama Ukasha, waone. Na Ukasha akacheka. Alicheka kwa meno ya mbele tu, lakini alicheka, tena mbele ya mashahidi, na kuanzia saa ile wizi ukawa utani. Badru alikuwa ameukata mti bila kibali cha serikali wala cha mwenyewe. Akanunua pikipiki, na pikipiki ikafa kabla ya masika mawili. Mpaka leo iko upenuni kwake, kuku wanalala juu ya usukani.

Miaka kumi na minne imepita tangu hapo. Ukasha alikataa katakata kutia mlango wa mti mwingine. Alipigilia mabati kwenye fito, mlango wa mbele bati, wa nyuma bati, wa chumbani bati, ili Badru akija apite katikati ya dhambi yake. Badru alipita, akabisha hodi kwa kiganja, akasema, "Binamu, mlango wako unanipigia ngoma." Basi. Aliyeishi na mabati yale ni Hajira. Yalimpasua khanga, yalimkata kisigino binti yao Salama alipokuwa mdogo, na kila upepo ukivuma yaligonga. Hajira aliomba hata mlango wa mbao za mwembe. Alijibiwa kwa ukali ambao haukuwa wake, ulikuwa wa Badru, ila Badru ni mtani na yeye ni mke tu.

Kisiki nacho Ukasha hakukitoa, ili nacho kishuhudie. Mchwa walivila visiki vyote vya shamba lile, hiki wakakila ngozi wakashindwa moyo. Kila mwaka kilichipua, na kila mwaka Ukasha aliyakata machipukizi kwa panga huku akisema maneno ambayo siyaandiki.

Mwaka huu mambo mawili yalikutana. Kwanza, sahani ya jembe la trekta iligonga mzizi wa kisiki kile ikapasuka. Trekta lile dogo ni la Mfaume, mkulima wa ufuta, na Ukasha analiendesha tu. Mfaume hakupayuka. Alisema, "Kisiki kitoke, au shamba lako ulilime kwa mkono," akaenda zake. Pili, Jumapili ile kulikuwa na harusi Ruaruke. Badru alisimama mbele ya wageni wa pande zote mbili, akausimulia mninga uliokwenda Dar es Salaam kutembea. Safari hii aliongeza kwamba mti umeolewa huko na una watoto wawili, meza na kabati. Watu walishika mbavu. Ukasha alicheka nao, na alipokuwa anacheka akahisi jino la nyuma limevunjika, kwa jinsi alivyouma.

Alilitema kiganjani akalitazama. Hapo ndipo akili ilipomjia. Faini ya utani hulipwa mtu akishakasirika. Lakini ni nani aliyekataza kulipa kabla?

Hakutaka fidia. Pesa ya mti ilishakuwa chuma cha kulalia kuku. Alitaka neno moja, "nilikosa," kutoka katika kinywa cha Badru, likitoka bila kicheko.

Siku tatu alichimba. Alikizunguka kisiki kwa jembe na sururu mpaka shimo likamfika kiunoni, akakata mizizi ya pembeni mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulitoa utomvu wake mwekundu ukamchafua mikono. Jumamosi asubuhi, Hajira alipokuwa ameenda kisimani, aliingia jikoni kutafuta kuku. Wale wa uani walimkimbia. Mmoja tu hakukimbia, jike jeusi lililotulia ndani ya tenga kwenye kona, nyuma ya mafiga. Lilimdonoa mkono mara mbili alipoliinua. Ukasha akaligombeza nalo, akalifunga miguu kwa kamba ya katani, akalitia kwenye kikapu chini ya kiti cha trekta. Hakutazama ndani ya tenga. Mwanamume mwenye hasira hatazami mambo ya jikoni.

Badru hakuhitaji kuitwa. Nyumba yake imepakana na shamba, na mlio wa trekta ulimtoa nje akiwa na kigoda mkono huu na sahani ya mihogo mkono huu. Alikuwa amezeeka naye, nywele zimemtoka utosini, lakini mdomo haukuwa na mvi hata moja. Akakaa ukingoni, mahali pazuri pa kuonea.

"Binamu, unachimba kisima?"

"Ninang'oa kisiki."

"Kwa hicho kitoroli?"

Ukasha alifunga mnyororo kwenye kichwa cha kisiki, juu kabisa, ili kikivutwa kipinduke. Upande wa trekta aliufunga chini, kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini ya ekseli. Anayefunga juu trekta humpandia mgongoni, na Ukasha alishawahi kumzika mwenzake mmoja kwa kosa hilo. Akapanda, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi taratibu.

Mnyororo ukanyooka, ukalia. Magurudumu ya nyuma yakazunguka mahali pamoja yakitupa udongo nyuma, kisha ya mbele yakainuka kiasi cha shubiri moja. Ukasha akakanyaga klachi, yakashuka.

"Trekta lina adabu," Badru alisema huku anatafuna. "Limesimama kuwaamkia wakubwa."

Ukasha akashuka. Akatandika matawi makavu chini ya magurudumu, akapanda tena. Safari hii kisiki kilitikisika. Kililia ndani ya ardhi, kikalala kidogo upande mmoja, halafu trekta likazimika na kisiki kikarudi kukaa palepale kilipokuwa. Aliwasha mara ya tatu, ikawa hivyo hivyo. Jasho lilimwingia machoni. Chini kabisa ulibaki mzizi mmoja, ule ulioshuka wima, na huo shoka lake halikuufikia.

Badru alifuta mdomo kwa kiganja. "Nyie watu wa Delta mnajua mikoko. Mkoko unaung'oa kwa mikono miwili, matope hayana ubishi. Huu ni mti wa nchi kavu, binamu, huujui." Akachagua kipande kingine cha muhogo, akakigeuza, akakirudisha. "Nikupe siri? Mie niliukata kwa siku moja, peke yangu, kwa shoka tu. We una injini na unahangaika nao mwaka wa kumi na nne. Mti unamjua mwenyewe."

Mti unamjua mwenyewe. Ukasha alisikia maneno hayo yakimshuka kooni hadi tumboni, yakafika chini kabisa, yakakuta hakuna nafasi tena. Akazima injini. Akainama chini ya kiti, akatoa kikapu na spana, akatembea hadi kwenye kigoda, akamweka kuku miguuni kwa binamu yake.

"Huyu nani?" Badru aliuliza.

"Kuku."

"Kuku namwona. Wa nini?"

"Wa faini."

"Faini ya nani? Mbona hujakasirika?"

"Nalipa kwanza. Mshike."

Badru alicheka sana, akaona huo ni utani mpya, wa kwenda kusimulia. Akamwinua kuku kwa miguu. "Nimemshika."

"Umempokea?"

"Nimempokea, mwana wa mjomba."

"Basi nisikilize," Ukasha alisema. "Wewe ni mwizi. Sisemi mwizi wa utani. Nasema mwizi wa kupelekwa polisi, mwizi wa kuapiwa msikitini. Uliingia katika shamba langu mie nikiwa sipo. Nilikuwa Salale namuuguza mama, mama yangu aliyekuwa akikuita mwanangu, aliyekuwa akikupa samaki ubebe kila ulipokuja kutembea. Nilikuwa nashika udongo wa kaburi lake, na wewe umeshika shoka. Baba yangu aliuacha mti ule nikiwa mtoto. Alisema milango yangu imo humo. Nyumba yangu ina bati. Miaka kumi na minne nalala nyuma ya bati. Ukanunua nini? Pikipiki. Iko wapi? Na kila harusi, kila hitima, kila watu wanapokaa wawili watatu, unasimama unanichekesha kwa mti wangu. Jumapili nimevunja jino. Hili hapa." Akalitoa mfukoni. "Nataka neno moja. Unalijua. Ukilisema huku unacheka, wallahi nitakupiga na hii spana, kuku nimeshalipa."

Badru alijaribu kucheka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta wa kucheka naye, akakuta mihogo na trekta. Kicheko kikamkatikia njiani.

Akamtazama kuku anayening'inia mkononi mwake. Hata Ukasha hakuwahi kumwona amekosa mzaha.

"Nilikuja," Badru alisema mwisho. "Ile wiki uliyorudi. Nilivaa kanzu ya Ijumaa nikaja kwako kukuomba radhi. Nilikosa usingizi, ujue. Nikakukuta penye kahawa unawasimulia watu wewe mwenyewe, mti umekwenda kutembea, unacheka kuliko wote. Nikasema, amesamehe. Nikarudi, nikavua kanzu."

"Ungenivuta pembeni."

"Kila nilipokuona umenuna niliusimulia tena, nione kama bado unacheka. Na ulicheka. Hata Jumapili ulicheka."

"Ulitaka nifanyeje? Wewe si mtani?"

"Na mie ningejuaje?"

Jambo hilo lilimchoma Ukasha kuliko mzaha wote wa tangu asubuhi, maana lilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli inaudhi kuliko uongo mzima. Alikuwa amekaa miaka kumi na minne akichunga heshima yake ya kutolipa kuku, na mwizi alikuwa amekaa kumi na minne akidhani amesamehewa. Alitamani kumpiga spana hata hivyo.

Badru akainuka kwenye kigoda. "Nilikosa," alisema. Hakucheka. "Niliiba mti wako, Ukasha. Nilikosa."

Hata jina alimwita, badala ya binamu. Ukasha alilisikia neno lile aliloliwekea nafasi miaka yote, na lilikuwa fupi kuliko chafya. Likaisha. Alidhani likija litaichukua hasira iende nayo. Hasira ikabaki imesimama ndani yake kama mgeni aliyekosa basi, haina pa kwenda.

"Shuka shimoni," alisema. "Chukua shoka."

Badru alimweka kuku kivulini, chini ya trekta, akavua shati akashuka. Ukasha akawasha, akavuta mpaka mnyororo ukakaza na kisiki kikalala upande, akakishikilia hapohapo kwa breki. Mzizi wa chini ukatokeza, mnene kama paja, umevutika. Sasa hapo ndipo kazi mbaya: anayekata yuko shimoni, na juu yake kuna kisiki kinachoshikiliwa na mguu wa mtu mmoja. Mguu ule ukiteleza hakuna tena Badru. Wote wawili waliliona jambo hilo na hakuna aliyelitaja. Badru aliinua macho, akautazama mguu wa binamu yake juu ya breki, kisha akaanza kukata.

Alikata akiguna. Mapigo arobaini, pengine hamsini. Utomvu ulimrukia kifuani. Ukasha hakupepesa jicho na goti lilimwaka moto, na nasema kwa haki yake kwamba hasira yote ile haikuuinua mguu hata unywele mmoja.

"Toka," alisema alipousikia mzizi unalia.

Badru akatoka kwa magoti na viwiko. Ukasha akaachia. Trekta dogo la Mfaume likaruka mbele hatua tatu, kisiki kikang'oka na donge la udongo, kikaburutwa, kikapinduka, kikatulia miguu juu. Shimo likabaki wazi. Ndugu wale wawili walisimama ukingoni wakihema.

Kuku wa faini huliwa na wote wawili, mlipaji na mlipwaji, na huliwa siku hiyohiyo, la sivyo watani hawapatani. Kwa hiyo walipanda trekta, Badru kasimama nyuma kashika kigoda chake na kuku, wakaenda kwa Ukasha ili Hajira apike. Adhuhuri ilikuwa imepita. Ukasha alikuwa na njaa na aliona amestahili mchuzi.

Hajira alikuwa uani, amesimama mbele ya tenga. Alikuwa amelitoa jikoni akaliweka juani. Ndani yake mlikuwa na mayai kumi na moja.

"Shikamoo shemeji," Badru alianza, ingawa ni yeye mkubwa, maana ndivyo anavyomtania. Hajira hakumwitikia. Alikuwa anamtazama kuku.

"Kumbe ni nyie," alisema. "Nimezunguka kijiji kizima. Nimemtukana mtoto wa watu kwamba kamwiba."

"Ni kuku wa faini," Ukasha alisema. "Nitakueleza. Tia maji jikoni."

"Alikuwa ameatamia. Leo siku ya ishirini. Jana magharibi nilitega sikio nikasikia vifaranga wanagonga. Kesho wangetoka."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hukuuliza. Nilikuwa kisimani nachota maji ya kuogea wewe, ukaingia jikoni kwangu mie nikiwa sipo, ukachukua." Hajira hakupaza sauti, na Ukasha angeona afadhali angepaza. "Miaka yote hii nakisikia hiki kisa. Aliingia mie nikiwa sipo, akachukua. Nakijua kwa moyo kama Yasini. Mkuki kwa nguruwe, siyo, baba Salama?"

Ukasha akafungua kinywa. Ukali ulikuwa palepale kwenye ulimi, ule wa chumvi na wa spika na wa mbuzi, umezoea njia. Upepo ukavuma, mlango wa bati ukagonga mara mbili nyuma ya mkewe, na ulimi ukamganda.

"Ni kuku tu, shemeji," Badru alisema kwa upole. "Nitakuletea watatu."

"Wewe nyamaza," Hajira alimwambia, na Badru akanyamaza, mara ya pili kwa siku moja. "Umemwomba radhi leo?"

"Nimemwomba."

"Na yeye kakugombeza?"

"Kanigombeza."

"Kwa kuku mmoja." Akamgeukia mumewe. "Umelipa kuku wangu ili upate ruhusa ya kumkasirikia aliyekuibia. Vizuri. Mie hayo maneno yaliyomstahili yeye nimeyala miaka kumi na minne, kwa mti ambao sikuukata, na shoka lililoukata sijalishika. Nimeyala kwa chumvi. Nimeyala kwa kunyamaza. Kisigino cha mwanangu kina kovu. Sasa niambie, baba Salama, mie nilipe kuku gani?"

Ukasha alimchukua kuku mkononi mwa Badru, akamfungua kamba. Jike lile likapiga mbawa, likaenda mbio hadi kwenye tenga, likapanda ukingoni, likayatazama mayai yake. Kisha likashuka, likaenda kuchakura kwenye majivu.

Ukasha alichuchumaa. Akatwaa yai moja, akalishika kiganjani, mkono ukiwa bado mwekundu kwa utomvu, akaliweka sikioni. Alisikiliza kwa muda mrefu. Ndani hapakugonga kitu.

"Nilikosa, mama Salama," alisema.

Hajira akavuta kigoda cha Badru, akakikalia, akaiweka khanga vizuri mapajani.

"Kaa chini," alimwambia. "Ndiyo kwanza naanza."